Gari Limekwenda Mlali

Jumamosi

Nusura tumpoteze yule mteja wa gari letu. Mama wa watu hajakaa hata kitini, mume wangu ameshamwambia, "Dada, gari hili bado lina deni. Kadi yake iko kwa mkopeshaji." Nilitamani kumfinya. Najua ilibidi aambiwe, lakini si angemwacha kwanza anywe chai!

Kisha akamtajia na kasoro zote. Breki ya mkono haishiki, dirisha la kushoto hushuka lenyewe. Mimi natazama chini tu.

Yule mama akacheka. Tukaongozana naye kwa mkopeshaji, akamaliza deni letu, akakabidhiwa kadi, kilichobaki akatupa sisi. Si kingi, ila nimepumua. Nilikuwa silali.

Akaondoka na gari kwenda kubebea kabichi zake Mlali. Baba Zawadi akabaki amesimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Mume wangu huyu, jamani.

Jioni ndiyo nikakumbuka. "Baba Zawadi, mbona hukumwambia kuwa asubuhi za baridi haliwaki mpaka ukanyage mafuta mara mbili, uache kidogo?"

Akajifanya anatafuta kandambili.

"Nimeacha makusudi," akasema. "Atanipigia simu, niende nikaliwashe."