Mama Mkwe, Ulijadili Mkataba Ukiwa Masijala

Kwako mama mkwe, uliyelala nyuma ya migomba kule Nyamwaga,

Shikamoo. Hii ndiyo mara ya kwanza nakuambia jambo kama mkwe bila kumtuma mtu. Miaka yote tangu nimuoe binti yako Bhoke, salamu zangu zilikufikia kupitia kwake au kwa shemeji zangu. Kwetu Wakurya mama mkwe na mkwe hawakai meza moja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Nilikujua kwa sauti kuliko kwa sura. Nikija nyumbani kwako nilikaa kwenye nyumba ya shemeji, humo humo uani, na wewe jikoni ulipaza sauti makusudi ili nisikie kwamba maziwa yangu ya mgando yameshatengwa. "Huyo mtu akiondoka na njaa, aibu ni yangu," ulimwambia Bhoke, nami nikawa nacheka peke yangu.

Unakumbuka siku ile tulipokaribia kukutana njiani? Ulikuwa na sare yako nyeupe ya uuguzi, ukachepuka na kuzama katika mahindi ya jirani. Mwenye shamba akaanza kufoka. Nikakusikia unamjibu, "Mkwe wangu anapita, wewe unaniuliza mahindi?" Nilipita nimeinamisha kichwa, mbavu zinauma kwa kicheko.

Kisha dhahabu ikalipuka. Watu wakaja kutoka Shinyanga, Geita na Kigoma, vibanda vikaota usiku mmoja, na hospitali yetu ya mtu binafsi, iliyozoea homa na wajawazito, ikaanza kupokea vijana waliofukiwa na maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Wewe ulikuwa mkunga na mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mimi nilikuwa katibu wa hospitali, mtu wa mwajiri. Jengo lilikuwa moja, lakini tulijua kukwepana. Nilikuwa nakohoa kabla ya kukata kona yoyote, hata wagonjwa wakadhani nina kifua.

Nayakumbuka yale mashuka. Yalikuja dobi, kwenye chumba cha kufulia, yamekakamaa kwa tope na damu, ndani yake mkiwa na vipande vya mawe na mara nyingine sindano iliyosahauliwa. Mugesi aliyekuwa anayafua alichomwa na sindano, na baada ya muda macho yake yakawa ya njano. Hakuwa amepata chanjo ya homa ya ini, kwa sababu watu wa dobi hawakuhesabiwa kuwa watu wa afya. Ulimuuguza mwenyewe. Alipopata nafuu akarudi kwenye beseni lile lile, na ndipo ulipoandika barua ya kudai mkataba wa hali bora. Madai yalikuwa mengi, ila lile ulilosema huwezi kuliachia lilikuwa moja: chanjo, glavu na buti kwa kila anayegusa damu, hata kama kazi yake ni kufua tu.

Mwajiri hakutaka. Na mazungumzo yalipopangwa, jina lililoandikwa kuongoza upande wake lilikuwa langu.

Watu walishika vichwa. Mkwe na mama mkwe, uso kwa uso, siku tatu? Kila mtu alijua utajitoa, na bila wewe tawi lisingekuwa na mtu wa kusimama imara. Asubuhi hiyo niliingia ukumbini, nikakaa, nikapanga karatasi zangu. Kiti chako kilikuwa kitupu. Nakiri nilishusha pumzi.

Ndipo nikasikia kiti kinaburutwa. Pale ukumbini palikuwa na mlango wa masijala, kile chumba cha mafaili, na mlango huo ulikuwa wazi nusu. Sauti yako ikatoka huko: "Tuanze. Wajumbe wapo." Mjumbe mwenzako, yule bwana wa maabara kutoka Kigoma, alibaki mezani anapokea karatasi na kukupelekea. Mimi niliuliza kwa unyonge kama mwenyekiti anaona ni sawa kujadiliana na mkwe wake namna hii.

"Mkwe wangu nimemwacha nyumbani anakula," ukasema. "Hapa naongea na mwajiri. Endelea, Katibu."

Hata watu wa bodi ya hospitali walicheka. Nilipotoka, mlinzi wa getini akanipokea kwa utani, "Mura, ndugu yangu, leo umekaangwa na mtu usiyemwona!"

Siku mbili tulivutana. Ulikuwa unakunja madai madogo na kuyaweka pembeni bila kinyongo, ila tukifika kwenye glavu na chanjo unarudi pale pale. Siku ya tatu nilisoma jibu nililoandaliwa, kwamba stoo ina glavu za kutosha na wafanyakazi hawazitumii kwa uzembe wao.

Nilisikia unafunga faili.

"Katibu, umefika stoo?"

"Ripoti inasema, mama..."

"Sijauliza ripoti. Nenda ukaone. Sisi tutakusubiri, hatuna haraka."

Nikaenda. Ningekataa vipi? Kwenye rafu kulikuwa na boksi moja la glavu, tena bila glavu hata moja, limewekewa chupa za dawa ya mende. Nikapitia dobi. Mugesi alikuwa amejifunga mifuko ya nailoni mikononi, ameikaza kwa vipande vya bendeji, anafikicha shuka jekundu. Alinisalimia vizuri tu, akaniuliza hali ya Bhoke.

Niliporudi nilisema mbele ya bodi kwamba stoo haina glavu na kwamba ripoti niliyosoma si ya kweli. Jioni ile mkataba ukasainiwa pamoja na kifungu chako chote. Mugesi na wenzake wa dobi wakachanjwa. Haikupita miezi mingi mimi nikaachishwa kazi, na nyumbani kwako nikaendelea kupokelewa kama zamani, kwa ile sauti kubwa ya jikoni. Nimeikumbuka sana sauti hiyo mwaka huu, tangu tukuzike. Nikifika sasa nyumba iko kimya, nakaa kwa shemeji na bado najikuta natega sikio.

Lakini sikuandika barua hii ya wazi ili nikukumbuke tu. Mkataba wako unajadiliwa upya, na vijana wa tawi walinialika. Wakanisimamisha mbele ya watu, wakasema mimi na wewe tuliupigania pamoja, kila mmoja kwa upande wake. Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu.

Mama, bodi haikunipanga. Nilijipanga mwenyewe. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba nikiongoza mimi, wewe hutaweza kuingia ukumbini, na mazungumzo yatakufa yenyewe. Nilitaka waone nina akili. Nilichukua heshima iliyokuwa kati yetu, nikaitumia kukufungia mlango. Nisamehe.

Niliporudi kutoka kwenye makofi yale nilimweleza Bhoke yote. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Aliendelea kuchambua mboga.

"Mama alijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Aliniambia wale wa bodi ni watu wa kuja, mambo ya wakwe wangeyajulia wapi? Aliyewafundisha ni mtu wetu."

Nikamuuliza kwa nini wote wawili mlinyamaza miaka yote hiyo.

"Alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua kwamba anajua, utaona aibu, hutakuja tena nyumbani."

Kwa hiyo nilikuwa nakuja, mama. Kila Krismasi, kila mavuno, nilikuja na kushiba, na wewe ulikuwa unajua.

Mkweo,
mume wa Bhoke