Ubavu wa Yuk-kiu

Shek Kip Mei,
Hong Kong.
Tarehe 12 Juni, 1960.

Mpendwa Kaka Pak-hung,

Hamjambo huko Ipoh? Kikohozi kimekuachia? Wifi je? Sisi tunaendelea, ila nina habari za mpwa wako Yuk-kiu. Usishtuke, soma mpaka mwisho.

Kile kinundu cha mgongoni, tulichodhani ni cha kubeba ndoo za maji, kumbe ni kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo. Ulipofika Mwaka Mpya, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Nikawa nambeba ngazini.

Daktari Szeto wa hospitalini akasema watampasua ubavuni, wakwangue mfupa uliooza, kisha pengo walizibe kwa kipande cha ubavu wake mwenyewe. Anayasema hayo huku anatabasamu! Nikamwuliza, "Na ubavu utakaobaki mnaupeleka wapi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Mama mkwe akaninong'oneza, "Wanajifunzia kwa watoto wa wakimbizi. Ukiwaachia mtoto, shauri yako." Nami nilikuwa nawaza hayo hayo.

Yuk-kiu ndiye aliyekata maneno. "Mama, waache wapasue. Nimechoka kubebwa kama gunia la mchele." Nikakubali shingo upande.

Alitoka kwenye upasuaji amefungwa plasta ngumu ya jasi kutoka shingoni hadi nyongani. Kila nikiuliza, manesi wananiambia anaendelea vizuri, wote kwa maneno yale yale, kama waliofundishwa. Hata uji wao niliuonja kwanza kabla ya kumpa.

Jumapili, nesi alipogeuka, nikapenyeza mkono chini ya shuka, nikamfinya mtoto kidole cha mguu kwa kucha.

"Aaa! Mama, una wazimu?"

Wodi nzima ikageuka. Nesi akaja mbio, "We mama, unamtesa mgonjwa!" Machozi yalinizidi, Kaka.

Daktari akaja. "Si ungeniuliza tu, mama?"

"Ningekuuliza, ungetabasamu."

Safari hii hakucheka. Akanishika mkono, akaupeleka kwenye mguu wa pili. "Haya, finya na huu."

Sikuwahi. Yuk-kiu aliuvuta mguu wake kabla sijaugusa.

Wanasema atatembea plasta ikitolewa. Nitaamini nikimwona, lakini mama mkwe nimemwambia anyamaze.

Nisalimie Wifi Lai-king, na umbusu mwanao Mun-wah. Mungu-mama Kwun Yam awafunike kwa huruma yake, na mvua za huko zisikurudishie kikohozi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sikuzote,
Sau-ngo