Dawa za Mke Wangu Zimewasha Vita Angani

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu zangu na unisikilize kwa subira, maana jambo lenyewe nikimweleza jirani atadhani msiba umenivuruga akili.

Mimi ni mwoka mikate, mtu mzima, nina binti mmoja anayejitegemea, na mke wangu alifariki mwaka huu kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa, na jioni akirudi alikuwa na mchezo wake wa kompyuta, ule wa mtandaoni ambao watu wasiojuana wanaendesha vyombo vya angani na kusafirisha mizigo kutoka kituo hadi kituo, na wengine wanapigana, ila yeye hakupigana, alisema, "Mimi kazi yangu dawa, hata huko juu nitabeba dawa." Alikuwa anavaa vile vifaa vya masikioni juu ya kitambaa chake cha kichwa, anakalia mto wake wa kijani, na akikaribia kituo ananiinulia kiganja, "Usinisemeshe, mwenzangu, natua," na mimi nasimama pale na kikombe cha chai mkononi mpaka atue, ndipo anakipokea bila hata kunitazama na kusema asante kwa utamu ambao sijausikia tena kwa mtu.

Kila siku alinisimulia kituo kimoja kidogo cha ushirika wa wachimbaji, watu wa kubuniwa tu, najua, lakini alivyowaeleza ungedhani ni wateja wake wa dukani. "Leo nimewapelekea dawa wale maskini wangu," ananiambia, na mimi nafurahi.

Alipoondoka, binti yangu alitaka kuifunika kompyuta kwa shuka. Nikamwambia aniache, anionyeshe tu jinsi mama yake alivyokuwa anaingia. Akanionyesha. Basi nikitoka kwenye tanuri mchana nikawa naketi juu ya mto ule, napakia dawa, nawapelekea wachimbaji, narudi kupakia nyingine, nikihisi namsaidia kumaliza kazi aliyoiacha.

Siku ya kwanza tu nilipoingia, maandishi yakaanza kumiminika kwenye kioo. Kumbe alikuwa na wenzake, kikundi kizima, wanamwita Shangazi! Mmoja anaitwa Dereva, kwa sababu anaendesha lori kwelikweli, akaandika, "Shangazi umetususa! Au yule mwoka mikate wako amekufungia ndani ya tanuri?" Mshauri, nilicheka mpaka nikalia, sikujua kwamba huko nilikuwa natajwa. Nilitaka kuwaambia ukweli, vidole vikakataa, nikaandika neno moja, "Nipo." Wakashangilia. Tangu hapo nikawa najibu kwa maneno mafupi kama yake, na wakiuliza mbona siku hizi haongei kwa sauti, nasema kifaa kimeharibika.

Sasa sikia balaa. Wiki hii nimewasha mashine nikakuta kila kitu chekundu, tangazo la vita kati ya ushirika na kampuni kubwa inayotawala eneo lile. Nikauliza kuna nini. Kinyozi, mwenzao mwingine, akadhani namtania: "Shangazi, si wewe uliyetufundisha? Kila mzigo unaoshushwa unaongeza ushawishi wa wenye kituo. Ushawishi wa kambi mbili ukilingana tu, mchezo wenyewe unatangaza ugomvi. Kama kambi zote mbili zina utawala wa aina moja, mshindi anapatikana kwa kura. Kama hazifanani, ni vita, na hawa hawafanani hata kidogo. Ndiyo maana ulikuwa ukishusha dawa huku, unakwenda kushusha vipuri kule kwa kampuni, ili wasikutane. Umesahau?"

Sikusahau, Mshauri. Sikuwahi kujua. Habari za vipuri na kampuni hakunisimulia hata siku moja, nadhani hazikuwa na utamu. Mimi nilishika habari za dawa tu, nikapeleka dawa mfululizo upande mmoja, nikawapandisha wale wachimbaji mpaka wakalingana na mabwana wakubwa, na kumbe hawana walinzi wa kutosha, wakishindwa wananyang'anywa kituo chao.

Ubaya zaidi, kikundi kimegawanyika. Dereva yuko na kampuni, Kinyozi yuko na ushirika, wanalipuana vyombo kutwa. Kinyozi kamwambia Dereva bora angebaki na lori lake, naye kajibiwa, "Nyoa vichwa vyako, mambo ya utawala tuachie." Watu waliokuwa wanasalimiana kila jioni! Jana Dereva kaniandikia, "Shangazi, ongea nasi kwa sauti, neno moja tu. Ukisema tuache, tunaacha." Sauti hiyo nitaitoa wapi?

Binti anasema, "Baba, waambie." Lakini kazini kwangu tayari wanasema marehemu, ndugu zake wanasema marehemu, mahali pekee ambapo bado anaitwa na kuulizwa habari za leo ni pale kwenye kioo. Nikisema, napo panakwisha. Nisiposema, watu wake wanasambaratika kwa kosa langu, na mchezo unaamua mshindi wa vita mwisho wa wiki. Nifanye nini?

Mwoka mikate

JIBU

Kaka yangu mwoka mikate, pole. Pole ya kweli, maana nimekuona hapo umesimama na kikombe, na nimetamani ningemjua huyo mama.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo, halafu tutapatana.

Vita yenyewe isikunyime usingizi. Ulishika kile alichokupa. Alikuletea mezani sehemu iliyomfurahisha, ile ya kuchosha akaimaliza mwenyewe, kama wafanyavyo wengi wanaopenda. Ukapakia dawa kwa moyo mweupe na hesabu za mchezo zikafanya yao. Hiyo ni ajali ya mtu aliyesikiliza kwa upendo, nami sina la kukulaumu hapo.

Nakulaumu kwa lile neno "Nipo." La siku ya kwanza nakusamehe, ulikuwa umechanganyikiwa. Ya baadaye, hapana. Hivi umefikiri kuhusu Dereva na Kinyozi? Wewe ulizika. Ulishikwa mkono, uliletewa viti na majirani, ulipewa pole mpaka ukazichoka. Wao wamefiwa na Shangazi yao na hakuna aliyewaambia. Wanamtania mtu ambaye hayupo, wanamgombania, wanamwomba aseme neno, na wewe unawajibu kwamba kifaa kimeharibika! Siku watakapojua kwa njia nyingine, na watajua, watakumbuka kila neno ulilowaandikia na watajiona wamefanywa wajinga. Hapo ndipo jina lake litakapoharibika pale kwenye kioo.

Unaogopa kwamba ukisema hataitwa tena. Kaka, wewe umepata kuona watu wanaompenda marehemu wakanyamaza? Wataongea mpaka utaomba maji. Hiyo habari ya vipuri umeipata kwa Kinyozi. Je, unajua wana mangapi mengine ambayo hukuwahi kusimuliwa? Alivyocheka akiwa nao, alivyowakaripia, alivyosema kuhusu wewe. Yote hayo yamefungiwa nyuma ya uongo wako mdogo, na mwenye ufunguo ni wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Usisubiri mwisho wa wiki, fanya kesho ukitoka kazini. Mwite binti yako akae karibu nawe, kwa sababu yeye ni mwenye msiba pia na tangu mwanzo anaona sawa. Waandikie Dereva na Kinyozi kwamba kuna habari ya Shangazi na unawataka pamoja, wasimamishe kupigana kwa saa moja. Kisha washa kipaza sauti. Usiwaandikie habari ya kifo, watu hawafiwi kwa maandishi kama kuna mdomo.

Usichague kambi. Ukienda na Kinyozi umemfukuza Dereva, na kinyume chake. Waambie wazi kwamba ni wewe uliyelinganisha ushawishi wao kwa kutojua, uombe radhi mara moja, usijidhalilishe. Kama ushirika utashindwa, utashindwa. Wachezaji waliofundishwa na mkeo wanajua namna ya kuuinua tena taratibu, na pengine watataka kufanya hivyo wakiwa upande mmoja.

Baada ya hapo chombo chake kiegeshe na usikiendeshe tena kwa jina lake. Ukitaka kubaki nao, na naona unataka, jisajili kwa jina lako mwenyewe na uombe ufundishwe upya, pamoja na yale ya kuchosha.

Najua sauti itakukwama, basi nakupa maneno. Sema: "Mimi ndiye mume wake. Nina habari mbaya." Halafu nyamaza, waache waulize wanachotaka kuuliza. Usiwaharakishe, na usizime mashine mpaka wa mwisho wao awe amemaliza kulia.