Kwa Babu Wobbe, Aliyemwaga Samaki Ili Apate Barafu

Mwaka umezunguka, Babu Wobbe, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka ukiwa kitini, kahawa yako ikiwa bado ya moto. Bibi Aukje, mkeo, anasema uliondoka bila kuaga, kama ulivyozoea kutoka kwenye vikao vya majirani.

Miaka thelathini na moja ulikuwa mfungua daraja wa kijiji chetu huku Friesland, Uholanzi, daraja linaloinuliwa ili mashua zipite. Wenye mashua walipiga honi mpaka wakachoka, nawe unakunywa kahawa taratibu. Ulichelewa harusi yako mwenyewe. Ulichelewa hata ubatizo wa Hiske, binti yako wa pekee.

Kisha Hiske na mumewe Jelmer wakampata Jikke, na moyo wake ukawa hautabiriki. Unaenda vizuri, mara unatimua mbio, mapigo zaidi ya mia mbili na hamsini kwa dakika, na mtoto mwenyewe kimya tu, amepauka, hataki kunyonya. Daktari akatoa dawa ya mara tatu kwa siku, kwa saa zile zile, na kipimo cha kusikilizia moyo. Hiske alikuwa akimwamsha mtoto ili ahakikishe kuwa amelala.

Ukaja, ukavua viatu vya mbao mlangoni. "Leteni hicho kipimo. Nyinyi kalaleni."

"Baba, unajua kukitumia?"

"Sijui. Nifundishe."

Siku ya kwanza ulisikiliza, ukakunja uso. "Moyo wake unanguruma."

"Baba, hilo ni tumbo."

Lakini ulijifunza. Tangu siku hiyo, ikifika saa nane mchana, daraja halifunguki mpaka Jikke apate dawa. Nahodha mmoja Mjerumani alikufokea, "Litafunguliwa saa ngapi?" Ukamjibu, "Akishameza."

Na nani atasahau siku ulipotimiza miaka sitini na tano? Tulikaa kwa duara, keki mapajani. Dada yako Baukje alileta samaki wabichi wa chumvi kwenye sinia la barafu. Jikke, wa miezi mitano, akakataa ziwa.

"Meno hayo," akasema Baukje.

Ukamwekea kipimo kifuani. Midomo yako ilikuwa ikihesabu, halafu ikaacha. "Siwezi kuufuata. Hiske, ita gari la wagonjwa. Jelmer, nipe barafu."

Daktari alikuwa amewafundisha: moyo ukitimua mbio, mfuko wa barafu kwenye paji la uso na macho, pua iachwe wazi, sekunde chache tu. Lakini friji ilikuwa imejaa keki tupu. Ukaliinamisha sinia, samaki wote wakatua mapajani mwa Baukje, ukazoa barafu iliyobaki ukaitia kwenye mfuko na kumwekea Jikke usoni.

"Wobbe! Sketi yangu mpya!"

"Nyamaza, dada, nahesabu!"

Mara ya kwanza haikusaidia. Hakuna aliyetafuna. Ukasubiri kidogo, ukarudia. Jikke akashtuka, akavuta pumzi, akakulilia kwa hasira zote za dunia. Ukasikiliza. "Mia na arobaini," ukasema, ukakaa sakafuni na kulia mbele ya wageni, wewe ambaye hatukuwahi kuliona chozi lako.

Muuguzi alipofika alimpima, akamnusa, akamnusa tena. "Anaendelea vizuri. Ila mbona ananuka samaki?"

"Muulize babu yake," akajibu Bibi Aukje.

"Na sketi yangu je?" akauliza Baukje.

Januari mwaka huu daktari amemwachisha Jikke dawa. Moyo umetulia wenyewe. Hiske alitoka hospitali mbio, akachukua simu, akapiga namba yako kwa mazoea. Ikaita. Bibi Aukje akapokea, kwani bado anaichaji simu yako kila siku.

"Baba!" akaita Hiske. Kisha Bibi akasema, "Baba yako hayupo, mwanangu. Niambie mimi."

Akamwambia.

Unakumbukwa na mkeo Aukje, binti yako Hiske, mkweo Jelmer, dada yako Baukje, na Jikke, aliyetimiza miaka mitatu. Hatutaacha kukutaja, Babu, siku zote za maisha yetu.