Nilishakoma Hedhi, Sasa Damu Imerudi

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, naomba msaada wako maana hapa nilipo sina mtu wa kumwambia. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, kwetu ni Majita, shule niliishia darasa la nne, niko huku kwenye mwalo mmoja wa wavuvi nje ya Mwanza nabeba dagaa kutoka mtumbwini hadi kwenye vichanja, na kazi hii niliipata kwa sababu moja tu, nimekoma hedhi, kwani tajiri wetu Zadok hataki mwanamke aliye kwenye siku zake akanyage mtumbwi wake, anasema dagaa watakimbia, kwa hiyo wasichana wanaanika tu, tunaoingia mtumbwini na kulipwa zaidi ni mimi na mwenzangu Wilhelmina. Sasa mshauri, damu ilikatika miaka sita iliyopita nikashukuru, lakini tangu mwaka huu uanze imerudi, kwanza matone, nikasema ni uzito wa ndoo, halafu ikawa nyingi na ina harufu, najifunga vitambaa na kanga nyeusi juu, kiuno kinauma hata nikilala, Wilhelmina alinikuta nafua akacheka, "We Rozina, umerudi usichana! Tukutafutie mume?" nikacheka naye, ila moyoni naogopa, tajiri akijua nafukuzwa, na kule nyumbani wajukuu wanakula kwa mkono wangu. Nilikwenda duka la dawa, muuzaji akaniuliza, "Mama, bado unapata siku zako?" watu walikuwa nyuma yangu, nikaona haya, nikasema ndiyo, akanipa vidonge, havikusaidia kitu. Sasa nasikia kuna unga wa mizizi unaokausha damu, je, niunywe, na kipimo chake ni kipi? Nijibu upesi, nimechoka.

Rozina

*

Marahaba, mdogo wangu. Jina lako na majina ya wenzako nimeyabadilisha.

Huo unga usiunywe. Kama umeshaununua, utupe.

Mwanamke aliyekoma miaka sita harudii usichana. Hiyo si hedhi, ni dalili ya ugonjwa. Huenda ni jambo dogo la kutibika haraka, lakini huenda ni saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, na hiyo harufu na hayo maumivu ya kiuno yananitia wasiwasi. Sikufichi, kwa sababu umejificha vya kutosha.

Pole kwa kazi ngumu, tena mbali na kwenu. Ila umemwogopa Zadok kuliko ugonjwa, na hapo nakugombeza. Wewe ukianguka, atapata mbebaji mwingine siku hiyo hiyo. Wajukuu watampata wapi bibi mwingine? Mwambie Wilhelmina ukweli wote, akusindikize. Na yeye asome hapa: likimtoka hata tone moja, asicheke, aende akapimwe.

Wewe nenda wiki hii, hospitali yenye daktari wa wanawake, si dukani. Usikubali kurudishwa na vidonge kabla hujapimwa kizazi. Utaulizwa swali lile lile la dukani, na pengine anayeuliza atakuwa sawa na mwanao. Usiseme ndiyo ili yaishe. Sema, "Nilikoma miaka sita iliyopita, sasa natoka damu." Sema hivyo hata kama foleni nzima inasikia.