Wifi, Nani Anamwosha Mama?

3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu za huku ughaibuni. Mimi mzima, ila vidole vimechubuka. Nafua mashuka ya hoteli mpaka nayaota. Wewe hujambo? Watoto hawajambo? Na mama yangu je? Kila nikipiga simu, kaka ananijibu, "Mama amelala." Huyo mama amegeuka paka siku hizi? Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Darasa la lugha limefika sura ya "Jamii na Utamaduni", na imenichafua roho. Mwalimu anasema hapa mtu akitaka kumwona mama yake mzazi, anapiga simu kwanza kuomba nafasi, kama anayekwenda kung'olewa jino. Tulidhani anatania. Jumatano akatupeleka kwenye nyumba wanakotunzwa wazee, eti tukajizoeze kusalimia. Sakafu inang'aa, na ile dawa ya sakafu imepigana na harufu ya mkojo, isiishinde. Bibi mmoja alinikamata mkono akaniita kwa jina la binti yake. Muuguzi akasema huyo binti anakaa mtaa wa pili. Mtaa wa pili, wifi! Nilitoka nje nikatema mate.

Tuliporudi darasani nikanyoosha mkono. Kwa lugha yao hiyo hiyo ya kuokoteza, nikasema: "Kwetu mzazi hatupwi. Mama yangu amepooza, na anaoshwa na mikono ya mtoto wake." Wakapiga makofi! Mwalimu akaniagiza niandike insha, niisome mbele ya wenzangu. Alama zake zinaingia kwenye mtihani, na bila mtihani kibali changu cha kukaa hakiongezwi.

Basi nisaidie. Nataka mambo ya kweli: mama anaamka saa ngapi, kaka anamwosha vipi, nani anakaa naye jioni.

Wifi yako, mfua mashuka


20 Machi

Wifi,

Salamu zimefika. Sisi tupo. Watoto wapo. Mama yupo.

Insha andika unavyojua. Mimi fundi cherehani, insha nitaijulia wapi?

Wifi yako


6 Aprili

Wifi,

Hujambo? Barua yako niliisoma, nikageuza karatasi kutafuta iliyobaki. Mbona unanibania maneno, nimekukosea nini?

Insha naisoma tarehe kumi na mbili Mei. Nimeshaanza: "Kila asubuhi kaka yangu humbeba mama mpaka barazani, akamwosha uso." Unaonaje? Nitumie na picha yake, amevaa lile gauni la buluu nililompelekea. Hawa watu wanatuona sisi washamba. Safari hii waone aibu wao. Usiniangushe.

Wifi yako, mfua mashuka


22 Aprili

Wifi,

Sikuulizi hali, na yangu utaipata humu humu. Umetaka ya kweli. Tafuta kiti ukae.

Mama yuko chumba cha nyuma, kile cha magunia. Kaka yako alimhamishia huko siku alipokuja na wageni wa kazini kwake, mmoja akauliza kama kuna panya amefia ndani. Hakuna panya. Ni kidonda cha mgongoni, cha kulala upande mmoja. Kila asubuhi usaha umeshika shuka na shuka limeshika ngozi, nalowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka liachie. Halafu kinyesi. Halafu kumgeuza, na mwili uliopooza ni mzito kama mlango uliong'oka. Mgongo wangu umekwisha. Gauni lako la buluu nimelichana nyuma lote ili aweze kuvishwa.

Kaka yako husimama mlangoni, leso puani. "Ameamkaje?" Kabla sijajibu, gari limeshawaka. Juzi mama akaniuliza, "Huyu mwanangu mafua yake hayaponi tu?" Nikacheka mpaka nikalia. Dada yenu mkubwa alikuja mara moja, akamsalimia mama yake dirishani, akaniachia chupa ya manukato nipulize chumbani. Manukato, wifi!

Na mimi usinifanye malaika. Ziko siku nikishika kitasa roho inanigeuka, namchukia mama wa watu asiye na kosa. Jumanne nilimfinya. Nilimfinya paja kwa sababu alijichafua nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kumvisha. Akaniambia, "Pole, mwanangu." Nikaenda kutapika nyuma ya nyumba, na haikuwa kwa harufu.

Mimi pia nina mama. Mwaka wa pili huu sijamtia machoni. Nikiomba kwenda, kaka yako anasema, "Na huyu unamwachia nani?"

Haya, mwandikie mwalimu wako. Mikono ya mtoto wake, ulisema? Mikono hiyo ni ya mtoto wa watu.

Mke wa kaka yako


21 Mei

Wifi yangu,

Shikamoo. Najua hatuamkiani hivyo mimi na wewe. Leo ipokee tu.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya insha. Niliisomea chooni kazini, nikasema: mwongo huyu, anataka kuuchafua ukoo wetu. Nikampigia kaka.

"Nipe mama."

"Amelala."

"Mwamshe. Nenda sasa hivi, nisikie mlango ukifunguka."

Mlango sikuusikia. Mwishoni akasema, "Wewe uko mbali, hujui anavyonuka." Nikamkatia simu.

Utadhani niliichana insha. Wapi! Nilisimama nikaisoma yote, kaka na baraza na gauni la buluu, kwa sababu kibali nilikitaka. Makofi tena. Msichana mmoja alitoa machozi. Mwalimu, na hana ubaya yule, alitaka tu tufanye mazoezi ya kutaja idadi, akaniuliza: "Na wewe mwenyewe umemwosha mama yako mara ngapi? Jibu kwa sentensi kamili."

Nikatafuta uongo kwa lugha yao, sikuupata. Uongo unataka maneno mengi kuliko niliyonayo. Nikasema, "Mimi sijamwosha mama yangu hata mara moja."

"Vizuri sana," akasema. "Sentensi haina kosa."

Nikakaa. Yule binti wa mtaa wa pili nilimtemea mate, wifi. Mwaka jana nilipoambiwa mama amepooza, mimi nilijibu nini? Nilisema nina darasa.

Kesho yake nilirudi kwenye ile nyumba ya wazee, nikamwomba muuguzi anifundishe kutunza kidonda. Alinicheka, kisha akanivisha glavu akanipa babu mmoja. Mara mbili nilijikaza. Ya tatu nikatapika kwenye ndoo. Akanisubiri ninawe, akasema, "Tuendelee." Nimekwenda siku tano. Mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili, mto unawekwa katikati ya magoti, kidonda kisiguse shuka. Anza leo kama mgongo wako utakubali, na usipokubali mwite kaka. Asipokuja, piga kelele majirani wasikie.

Umebaki mtihani wa kuongea, na sitaufanya. Jumatano ya wiki ijayo naondoka, na Alhamisi usiku nitakuwa hapo. Wenzangu hotelini wanasema nimeingiwa na wazimu. Barua hii nimempa mmoja wao anayesafiri kesho, ikutangulie.

Usije ukanisifu. Siji kwa upendo. Upendo ungenileta mwaka jana. Nakuja kwa kinyaa. Najinusa, wifi, nanuka.

Hayo ya kumfinya tutaongea nikifika, au tusiyaongee. Mimi sina kidole cha kukunyooshea.

Funga begi lako uende kwa mama yako, ukae mpaka akuchoke. Kaka akiuliza mama anaachiwa nani, mwambie ana watoto watatu.

Ijumaa asubuhi usimwoshe. Niachie.

Wifi yako