Siku Melin Aliposema "Bado"

Igsalong, Iloilo,
Ufilipino.
Tarehe 21 Mei 2013.

Mpendwa Dada Karing,

Hujambo wewe na wote wa huko Winnipeg? Goti linasemaje siku hizi? Mwezi wa Machi uliniandikia kwamba theluji imefika dirishani; natumaini sasa imeyeyuka na unaweza kutoka ukanyoosha miguu. Usipande ngazi ukiwa umebeba nguo za kufua. Nakujua.

Sisi huku tu wazima. Shinikizo langu la damu limeshuka tangu niache nyama ya nguruwe, ingawa wiki ya sikukuu ilinijaribu sana na siapi kwamba nilishinda. Mama anakula, analala, anagomba. Jumapili aliniuliza kama bado unaimba unapopika. Nikamwambia unaimba. Kama umeacha, anza tena ili nisiwe mwongo.

Mvua imechelewa na mashamba ni makavu, lakini kisima chetu hakijatuangusha.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Najua binti yako amekuonyesha vipande vya mchezo wetu kwenye simu, na najua watu wamekuandikia kila mtu lake. Wengine wanasema mtoto alisahau maneno. Wengine wanasema mimi ndiye niliyempangia. Dada, mchezo ule ulikuwa wako miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemcheza kama wewe yule Mama anayeulizwa na Hakimu kama aliyemuua mwanawe anyongwe. Kwa hiyo nataka uisikie habari hii kutoka kinywani mwangu.

Unakumbuka Mjomba Gorgonio alifariki Januari. Nani atakaa nyuma ya pazia kutusomea maneno? Tangu tuzaliwe waigizaji wa Igsalong hawajawahi kukariri. Mjomba anasoma mstari, mwigizaji anaudaka na kuuimba, mkono juu, mguu mbele. Kamati ya sikukuu ilitaka kuleta mtu kutoka mjini. Mimi nikasema hapana, mwaka huu vijana watasema wenyewe. Walinicheka. Mwenyekiti wa mtaa, Bi Felisa, aliniambia, "Mwalimu Amparo, watoto hawa hata namba za simu zao hawazijui kwa kichwa."

Nilipata vijana tisa. Tulianza Februari, kila Jumamosi kule mtoni. Niliwagawa, nusu ng'ambo hii, nusu ng'ambo ile, nikawakataza kupiga kelele. Anayepiga kelele anasikika yeye, maneno hayasikiki. Wiki tatu nzima waliungurumiana kama mafahali. Ya nne, mmoja wao alivuta pumzi tumboni, akasema hotuba ya Mfalme kwa sauti ya kawaida kabisa, na mwanamke aliyekuwa akifua kule chini akaacha kufua, akainua kichwa. Wenyewe walishtuka. Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita, Dada, na bado jambo hilo hunisisimua mwili.

Kisha niliwapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja akae mezani na watu wake, aieleze hotuba yake kwa maneno ya kawaida. Loreto, yule mrefu, mtoto wa fundi viatu, ambaye ndiye Hakimu, alikuja kutuonyesha alivyomwambia mama yake: "Mama, amua basi, jamaa tumnyonge au tumwachie? Wali unapoa!" Tulicheka hadi machozi. Lakini tangu siku hiyo Loreto aliposema maneno ya Hakimu, ulimwona mtu anayetaka kumaliza kazi aende nyumbani, na hapo ndipo alipoanza kutisha.

Nafasi ya Mama niliiacha wazi. Ndipo Hermelina, tunayemwita Melin, alipobaki nyuma siku moja wenzake walipoondoka. Ana miaka kumi na saba. Mama yake ndiye yule Pacing muuza supu ya tambi sokoni. Wewe ulikuwa umeshaondoka, basi nikueleze: miaka mitano iliyopita kaka yake Melin, Joriel, aligongwa na gari la samaki pale kwenye kona ya shule. Alikuwa na miaka kumi na minne. Dereva alikuwa mtu wa hapa hapa, Wenceslao, na alikuwa amelewa. Alifungwa, akarudi mwaka jana. Mtaa ulimpokea kwa kutomtazama.

"Mwalimu, nataka nafasi ya Mama," Melin aliniambia.

"Mwanangu, unajua hotuba ile inaishia wapi?"

"Naijua yote tangu nina miaka sita. Nani asiyeijua?"

Nakuandikia maneno yenyewe, ingawa wewe huwezi kuyasahau: *Hakimu, mkono huu umeshika shati la mwanangu. Mkono huu wa pili hauna kitu. Ukiupa kitanzi, utashika kitanzi. Lakini sitaki kuzikwa nikiwa nimeshika kitanzi. Nimemsamehe.*

Nilikwenda kwa Pacing kuomba ruhusa. Aliendelea kukata vitunguu. Akasema, "Yeye ndiye atakayesimama pale, Mwalimu. Mimi sitamzuia." Nikampa Melin nafasi. Sikulala vizuri wiki nzima.

Na mtoto huyo akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa. Tulikuwa mtoni. Nilikuwa nikimwonyesha jinsi wewe ulivyokuwa ukilivuta lile neno la mwisho, refu, likipanda na kushuka. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Mwalimu, Mama anapolisema neno hili, amelijua lini? Alikuja nalo kutoka nyumbani, au linamjia pale pale?"

Nilimwambia ashughulike na pumzi. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo nilivyojibu.

Kwenye mazoezi alilisema neno hilo kila mara bila kukosea, mara thelathini, mara arobaini.

Tarehe kumi na tano, siku ya Mtakatifu Isidori, saa kumi alasiri, uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya ukuta wa kanisa. Mambo yalikwenda vizuri. Mfalme alisikika mpaka kwenye vibanda vya wali wa kunata. Vijana wangu walisema wenyewe, hakuna anayesoma nyuma ya pazia, na wazee waliokuja kutucheka waliacha kujipepea.

Melin akatoka na shati. Akaanza. Dada, hakuimba. Alisema kama mtu aliyeingia ofisini kuuliza habari yake, na kila neno lilifika. Nilikuwa pembeni ya jukwaa, maandishi mkononi. Akafika *nikiwa nimeshika kitanzi*. Akanyamaza.

Nilidhani ni pumzi. Kisha nikaona anatazama wapi. Kushoto, karibu na mwisho, mama yake Wenceslao alikuwa amemleta mwanawe akae kati ya watu, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Kofia alikuwa ameishika magotini.

Neno lilikuwa moja tu limebaki. Nilikuwa nalo mdomoni. Ningeweza kumnong'oneza, na uwanja mzima ungeweza, maana hakuna asiyelijua. Watu zaidi ya elfu, Dada, na mle ndani kuna watu wasioweza kunyamaza hata wakati wa Komunyo. Hakuna aliyelisema. Hata watoto. Nilisikia kamba za hema zikilialia kwa upepo. Nikaogopa kama mtu anavyoogopa akiwa mahali patakatifu.

Melin akamgeukia Hakimu. Akasema, "Bado."

Basi. Neno ambalo halimo kwenye maandishi.

Loreto alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha Hakimu na taji lake la karatasi. Nikajua tumekwisha, mtoto wa mizaha kama yule atafanya nini? Akamtazama Melin. Akainuka, akavua taji, akasema kwa sauti ile ile ya mtoni, "Basi baraza litasubiri." Pazia likashushwa.

Watu hawakupiga makofi. Walibaki wamekaa. Nilimwona Pacing ameshika kichwa. Wenceslao hakuinuka wala hakukimbia. Alikaa ameinama mpaka mama yake alipomgusa bega.

Bi Felisa alinikuta nyuma ya jukwaa kabla sijapata hata maji. "Kesho wageni wa wilaya wanakuja! Mchezo usio na mwisho ni mchezo gani? Mweke binti mwingine."

Nilimwambia, "Mwenyekiti, ukitaka mwingine, utafute na mwalimu mwingine."

Unajua mimi si mtu wa kujibu hivyo. Hata yeye alishangaa. Melin alikuwa amesimama hapo akikunja shati. Akasema, "Msigombane. Kesho nitasema lote." Nilimwuliza kama ana hakika. Akanijibu, "Lile swali langu, Mwalimu, nimeshapata jibu. Halimjii pale pale. Mama alikuja nalo kutoka nyumbani."

Siku ya pili watu walikuwa wengi kuliko ya kwanza. Na Wenceslao alikuja tena. Fikiria, Dada. Mtu ambaye mtaa mzima umesikia akinyimwa neno lile, amekuja tena, peke yake, akakaa mstari wa mbele ambako kila mtu angemwona. Viti viwili kila upande vilibaki wazi. Kisha Pacing akatoka alikokuwa, akaja kukaa kwenye mstari ule ule. Si karibu naye, lakini mstari ule ule.

Melin alilisema. *Nimemsamehe.* Hakulivuta, hakuinua mkono. Alilisema kwa sauti ya chini, na likafika mpaka ukutani, maana niliwaona watu wa kule juu wakijifuta macho. Nimekusikia wewe ukilisema mara nyingi, na nililia kila mara. Safari hii sikulia. Nilisimama tu, mdomo wazi, kama mtu anayelisikia neno hilo likizaliwa.

Watu walipotawanyika, Wenceslao alikuja nyuma ya jukwaa. Kofia mkononi. "Melin," alisema, "asante."

Nilimwona binti akinyooka, miguu chini, pumzi tumboni. Akamjibu taratibu, "Kaka, ulilolisikia ni la yule Mama wa kwenye mchezo. Limo kwenye maandishi. Langu mimi bado niko njiani nalo, na sijui ni mbali kiasi gani. Sitaki kukudanganya."

Wenceslao akaitikia kwa kichwa.

Dada, nilimfundisha mtoto huyo kusema. Kukataa kusema hakufundishwa na mimi, na sijui alijifunzia wapi.

Kulikuwa na mabenchi ya kanisa ya kurudisha kabla ya Misa ya jioni, yale marefu ya mbao nzito. Vijana walikuwa wakikimbizana na makopo ya soda. Melin akainama, akashika benchi upande mmoja, akangoja mtu wa kumsaidia. Wenceslao akavaa kofia yake, akashika upande wa pili. Wakainua. Wakavuka uwanja hatua kwa hatua, yeye akitembea kinyumenyume, Melin akimwongoza kwa kichwa penye mashimo, mpaka wakaingia mlangoni mwa kanisa. Kisha wakarudi kuchukua la pili. Yalikuwa thelathini na mawili. Waliyabeba yote.

Nisalimie Shemeji Anselmo, na binti yako Rosvie, na yule mjukuu mdogo ambaye bado hajanijua kwa uso. Mama anakubariki, na anasema uvae soksi. Pacing naye anakusalimu. Amesema ukirudi, bakuli la kwanza la supu ni lako. Mungu akulinde na barafu, akulainishie goti, na akurudishe kwetu tukiwa bado tunafahamiana kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka kila nisimamapo ukingoni mwa mto ule,

Amparo